Udongo Wangu Ulipoanza Kutoweka

Wewe uliyekaa kwenye benchi refu la kliniki, kadi mkononi, masikio yakingoja jina lako, sogea kidogo nikuambie jambo. Sitakueleza habari za dawa. Wanaozijua wapo, waulize wao. Nataka kukueleza habari za ile sauti inayoingia kichwani mtu akingoja, inayomwambia kwamba kila aliye karibu naye anajua kitu ambacho yeye hakijui. Mimi niliishi nayo msimu mzima wa mahindi, na nusura initoe kwenye matibabu.

Naitwa Nekesa. Nilizaliwa upande wa Chwele, Bungoma, nikaolewa Kitale, mtaa wa Kibomet. Mume wangu Njoroge ni mtu wa Moi's Bridge. Watu wake walihamia huko tangu enzi za babu yake, na kazi yake ni kununua mahindi kwa wakulima na kuyabeba kwa pikapu yake kuukuu. Mimi kazi yangu ni shanga na herini za udongo wa rangi.

Huo udongo nikueleze kidogo, maana kisa chote kimo humo. Si udongo wa kufinyangia chungu. Ni aina ya plastiki laini inayouzwa vipande vipande kama sabuni. Ukiukanda unalainika kama unga wa chapati, na ukiuoka kwenye oveni ndogo unakuwa mgumu. Uzuri wake wote uko katika kile ninachokiita gogo. Unachukua vijiti vya udongo vya rangi tofauti na kuvipanga ubavu kwa ubavu: cha njano katikati, vyekundu vikizunguke viwe petali, vyeupe vijaze mapengo, kisha unavifunika vyote kwa tabaka jembamba la udongo mweusi. Sasa una gogo nene kama mkono wa mtoto mchanga, na kwa nje ni jeusi tu. Unalibana taratibu kuanzia katikati, unaligeuza, unalibana tena, nalo linarefuka na kukonda. Unaliacha lipoe. Kisha unalikata kwa wembe mrefu, slesi moja baada ya nyingine kama mkate, na kila slesi ina ua lile lile, dogo na kamili. Ncha mbili huharibika kila mara, hata kwa fundi wa miaka mingi. Zikate tu, usihuzunike.

Udongo huu una tabia moja: hautaki kuachwa. Ukikaa bila kukandwa, hasa kwenye baridi ya Kitale, unakakamaa na kumeguka kama ugali wa juzi.

Uvimbe ulionileta kliniki niliugundua nikiwa kazini. Nilikuwa nimeinamia meza, nikiviringisha udongo kwa chupa, titi la kushoto likagusa ukingo wa meza. Nikahisi kitu kigumu, nikadhani ni kifungo cha blauzi. Blauzi ile haikuwa na vifungo.

Nitaruka mengine. Nilipasuliwa, titi likatolewa, kabla ya mvua za kupanda, katika hospitali moja mjini Bungoma, kwa sababu ndiko nilikopimwa kwanza na ndiko karibu na mama yangu. Kemo ya kwanza, dawa ya saratani inayotiwa kwa dripu, niliipata mahindi yakiwa yanafika magotini. Ya pili yalikuwa yamenipita kichwa, na nywele zangu zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto. Ukifika hapo, zinyoe zote siku moja. Mimi nilingoja, na kule kuzizoa asubuhi baada ya asubuhi kuliniumiza kuliko kunyoa kwenyewe. Chakula kilikuwa na ladha ya sufuria. Kucha zikawa nyeusi kama za mtu aliyemenya ndizi mbichi kutwa nzima. Hayo yote nilikuwa nimeonywa. Lile ambalo sikulitarajia ni shaka.

Ilianza na jirani yangu, Mama Brayo, aliyekuja kunitazama akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mama Ciru, mimi siwezi nyamaza," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Hiyo plastiki unachomanga kwa oveni, si ndio imekuletea hii kitu?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia. Naona tu. Ile moshi."

"Haitoi moshi, Mama Brayo."

"Ile haionekani ndio mbaya, bana."

Moshi usioonekana huwezi kubishana nao. Nilipomuuliza muuguzi, alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo, niwe tu nafungua dirisha ninapooka. Lilikuwa jibu zuri na la wazi. Lakini mimi sikulisikiliza. Nilikuwa nautazama uso wake nione anaficha nini. Kuanzia siku hiyo sikumwamini mtu. Daktari akigeuza karatasi, nilijiuliza kwa nini ameigeuza. Wagonjwa wenzangu wakinyamaza nikipita, nilijua walikuwa wakinisema mimi, ingawa hata jina langu hawakulijua.

Kisha shaka ikamgeukia mume wangu.

Hapa nikueleze desturi yetu. Kwetu Wabukusu, mama na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawapandi gari moja. Ni heshima tu, hakuna ugomvi wowote. Mama yangu ni mtu wa zamani. Hata simu ya mkwewe hapokei, humpa aliye karibu aongee. Ndiyo maana hakuja Kibomet kuniuguza. Tulikuwa tunakutana hospitalini.

Njoroge yeye hakuijali desturi hiyo hata kidogo, au hivyo nilivyoamini. Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza na wazee wake, alimwona mama yangu uani akamkimbilia, mkono umenyooshwa, "Habari ya Mama!" Shangazi zangu walipiga ukelele. Mama alificha mkono ndani ya leso kama aliyeungua. Njia nzima ya kurudi Njoroge alikuwa anacheka: "Nyinyi watu muko na mambo!"

Sasa basi. Kila siku ya kemo alinileta kwa pikapu mpaka langoni mwa hospitali. Pale nje ya lango kuna kibanda cha uji, na mwenye kibanda ni mwanamke mwenye kicheko kirefu. Njoroge alikuwa ananiingiza ndani, ananitafutia nafasi kwenye benchi, kisha anatazama huku na huku na kuondoka. Dirishani nilimwona akimpa yule mwanamke mfuko mweusi. Walikuwa wanasemezana kidogo, mwanamke anacheka, halafu Njoroge anatoweka mpaka dripu yangu iishe. Baadaye kidogo mama alikuwa anaingia na kikapu chake na kuketi nami.

Wake wengine walikuwa na waume waliowashikia beseni la kutapikia. Wangu alikuwa anakimbia. Nilijiambia kwamba hawezi kunitazama nikiwa hivi, kipara, kifua upande mmoja. Na ule mfuko ulikuwa na nini?

Kemo ya tatu ilinikuta kwenye baridi ya Julai, nayo ikaja na ganzi. Vidole vilianza kama vilivyolaliwa, kisha nikaacha kuvihisi kabisa. Nilijaribu kukata gogo moja lililokuwa limebaki, nikaona slesi ina wekundu nisiouweka. Nilikuwa nimejikata na sikujua. Siku ya kliniki nilimwambia mama kwamba siwezi tena kukanda, na udongo wangu wote utakakamaa kabatini kabla sijapona. Mama aliendelea kunisugua mgongo.

Wiki chache baadaye nilifungua kabati nipate angalau kuzitazama zile rangi. Nyeupe haikuwepo. Kijani haikuwepo. Baada ya kemo ya nne, njano nayo ilikuwa imekwenda, na chupa ya kuviringishia, na ule wembe mrefu. Sikuuliza. Ukishaogopa jibu, utazunguka swali kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala.

Kilichonimaliza ni mambo mawili. La kwanza, mama aliniuliza kwenye benchi, bila kunitazama, "Ile ya njano inakuwanga ngumu hivyo?" Mama yangu ni mkulima, hajawahi kushika udongo wangu. Ameujulia wapi? Nikajiambia: wameshagawana. Vitu vyangu vimeshafika Chwele.

La pili, asubuhi moja nilikuwa jikoni, Njoroge yuko nje anapangusa kioo cha pikapu, simu sikioni. Nikamsikia akisema, "Mwambie vitu vya Mama Ciru nimeshaanza kutoa kwa nyumba. Ile imebaki nitaleta hiyo siku."

Niliketi kwenye gunia la mahindi. Unajua vitu vya nani hutolewa nyumbani: vya aliyekufa. Basi daktari alikuwa amewaambia, nao wamekubaliana wanifiche. Ndiyo maana mume hawezi kuketi nami. Ndiyo maana mama ananisugua mgongo bila neno. Kama ni hivyo, niende kuchomwa tena kwa nini? Ganzi ipande mpaka viwiko kwa faida ya nani? Niliamua hapo hapo kwamba kemo ya tano sitaiendea. Nilijisikia mwepesi, na sasa najua ule wepesi ulikuwa wa hatari. Ukija kwako, usiuamini.

Siku ikafika. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, yakingoja kukatwa. Njoroge aliwasha pikapu, akangoja, akazima, akaingia chumbani akanikuta nimeketi kitandani na nguo za nyumbani.

"Mama Ciru, tutachelewa."

"Siendi."

"Unaumwa wapi?"

"Utaharibuje mafuta kwa mtu umeshaanza kumhamisha?"

"Kumhamisha? Nani anahamisha nani?"

"Udongo wangu uko wapi, Njoroge?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si uko kwa mama yako. Hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Alisema mama ndiye aliyeuomba, kupitia kwa mama wa uji, yule niliyemsikia akiongea naye kwa simu. Kwamba mama alitaka kuwa anaukanda usikakamae, mpaka vidole vyangu virudi. Kwamba yeye amekuwa akiupeleka kidogo kidogo kwenye ule mfuko mweusi aliokuwa akimpelekea mama unga tangu kemo ya kwanza, akiuacha kibandani na kuondoka, ili mama atokee.

"Wewe?" nilimwambia. "Wewe uondoke kwa sababu ya mama mkwe? Wewe ulimrukia mkono mbele ya wazee?"

"Ndio maana," alisema. "Ulimwona vile alificha mkono? Mimi niliona. Nilimwuliza mjomba wako, akanieleza yote. Nikasema sitamwaibisha huyu mama tena."

"Na ulicheka njia nzima."

"Nilikuwa na aibu, bana. Ningefanya nini, nilie kwa gari?"

Ningependa kukuambia kwamba nilimwamini. Sikumwamini. Mtu aliyekaa na shaka miezi mingi haiachi kwa sababu ameelezwa vizuri. Maelezo mazuri ndiyo huyashuku zaidi. Nilivaa, nikafunga kitambaa kichwani, nikapanda pikapu. Sikuwa naenda kupata dawa. Nilikuwa naenda kumkamata.

Tulipita Kamukuywa mpaka mjini Bungoma. Tulipofika langoni nilimshika mkono wa shati.

"Simama hapa hapa. Usiende mahali. Nataka mama aje nikuwekeni pamoja, kila mtu aseme."

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko pale."

Akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya kibanda cha uji, kwenye kigoda, aliketi mwanamke aliyetupa mgongo. Nilimjua kwa leso. Alikuwa amefika mapema kuliko siku zote, na aliposikia mlio wa pikapu aligeukia ukuta, kichwa kimeinama. Njoroge naye alikuwa ametazama upande wa barabara, shingo imekakamaa. Watu wawili wazima, hatua chache kati yao, kila mmoja akijitahidi asimwone mwenzake. Mimi, mtoto wa Kibukusu, nilikuwa nimeishi na jambo hili tangu nizaliwe na sikulitambua.

Nikamwachilia shati. Akaenda.

"Ameenda?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Ameenda, Mayi," nilimjibu, kwa neno letu la mama. "Udongo wangu uko wapi?"

Aligeuka, akafungua fundo la leso kiunoni pale akina mama wanapofunga pesa, akatoa kipande cha njano. Kilikuwa na joto kama yai lililotolewa chini ya kuku. "Huyu ni mkaidi," alisema. "Ukimweka kwa meza anakataa. Ukimfunga hapa anasikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bwana yako hakukuambia?"

"Alidhani wewe umeniambia."

"Mimi nilidhani ni yeye. Mnakaa nyumba moja."

Sote wawili tukamtazama mama wa uji. Alinyanyua upawa wake juu. "Wacheni kuniangalia hivyo! Mimi nilipeleka maneno vile nilipewa. Hakuna mtu alisema niambie mgonjwa."

Na akaangua kile kicheko chake kirefu nilichokichukia tangu kemo ya kwanza. Safari hii nilicheka naye, nikakohoa, akanipa uji wa wimbi wenye ndimu bila kunidai.

Nilikuwa bado nataka kujua jambo moja, nikaliuliza wazi. "Mayi, daktari amewaambia kwamba nakufa?"

"Daktari gani? Mimi daktari simjui. Mimi niko na wewe kwa benchi."

Tukaingia. Kwenye benchi mama akatoa kikapuni kitu kilichofungwa kwa gazeti. Lilikuwa gogo, fupi na nene, kijani kwa nje, limekaa upande kidogo. Chini yake ulikuwapo wembe wangu mrefu.

"Mimi sijui maua," alisema. "Nimefanya kitu naijua. Kata."

"Siwezi, Mayi. Sivihisi vidole."

"Nitashika. Wewe sukuma."

Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, tukasukuma pamoja. Slesi ya kwanza ikatoka ni tope la rangi.

"Sasa hii ni nini?" mama aliuliza, amekunja uso.

"Ni ncha. Hiyo hutupwa."

"Basi tupa, unaiangalia nini?"

Tulikata ya pili, ya tatu. Ya nne ikatoka na sura. Lilikuwa hindi lililokatwa katikati: gunzi jeupe, punje za njano kulizunguka, na kijani cha maganda kwa nje. Miaka yote niliyotengeneza magogo, maua na macho na michoro ya kitenge, sikuwahi kufikiri kwamba hindi lenyewe ni gogo. Punje nyingine zilikuwa nene, nyingine zimebanwa kama abiria, na moja ilikuwa nyeusi.

"Hii imetoka wapi?"

"Hiyo ni ya kienyeji," mama alisema. "Huwa inajiingiza."

Mwanamke aliyeketi karibu nasi, ambaye nilikuwa nimemshuku kwa kliniki tatu mfululizo kwa sababu alikuwa akinitazama sana, alinyoosha mkono. "Hebu nione, dada. Nimekuwa nikitaka kukuuliza hizo herini zako unanunuanga wapi." Slesi ikapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka mwisho wa benchi. Ilirudi imejaa alama za vidole.

Kisha jina langu likaitwa. Nikainuka, nikaenda kwenye kiti cha dripu, nikampa muuguzi mkono.

Ya sita niliipata wakati wa kuvuna. Vidole vinarudi polepole. Viwili vya mkono wa kulia bado havina habari kamili, na kukiwa na baridi nakata kwa macho zaidi kuliko kwa kugusa. Nimejifunza kuliacha gogo lipumzike usiku kucha, kwa sababu mkono mzito hauwezi kukata udongo laini. Kama ganzi imekupata na kazi yako ni ya mikono, usiiache. Tafuta mtu wa kuikanda hadi utakaporudi. Mama hukanda kule Chwele, Njoroge hubeba mfuko, mama wa uji hupokea. Mpaka leo hawajaonana uso kwa uso, na wanapendana kuliko ninavyoweza kueleza.

Shaka haijaisha. Simu ikiita kutoka namba nisiyoijua wiki ya vipimo, moyo huruka. Tofauti ni kwamba sasa nauliza siku hiyo hiyo, kabla sijajenga nyumba nzima juu ya neno moja nililolisikia dirishani.

Kwa hiyo fanya hivi. Unapoingia kwa daktari, ingia na mtu wako mmoja, na kabla hamjatoka kila mmoja arudie kwa sauti alichosikia. Ukifika nyumbani, wapelekee wengine maneno hayo wewe mwenyewe, mmoja mmoja, usimwache mtu adhani mwenzake ameshaambiwa. Anza na yule unayemshuku zaidi. Mpigie leo.